Fuata Mkono: Namna ya Kutazama Maandishi na Michoro ya Brashi ya Kichina

Kazi yangu ni kuandika mabango. Siku moja mkahawa wa Kichina kule Kilimani ulinipa herufi nne niziandike juu ya mlango. Nikachora mipaka kwa penseli, nikajaza rangi nyekundu, zikatoka safi kabisa. Bibi mmoja mzee wa pale akazitazama kwa muda, akaniambia, "Fundi, umechora. Hujaandika." Neno hilo lilinikaa, na ndilo lililonifundisha kutazama.

Anza na kidole, maana itakuja baadaye. Huhitaji kujua Kichina. Maandishi ya zamani hushuka kutoka juu, na safu ya kwanza iko kulia. Inua kidole hewani, uifuate ile herufi ya juu kulia. Brashi ilipokanyaga kwa uzito, mstari ni mnene, ilipoinuliwa, umekonda. Tafuta pale wino ulipoanza kukauka na weupe wa karatasi ukachungulia ndani ya mstari: mara nyingi hapo mkono ulikuwa unakimbia. Mimi nikikosea bango, napaka tena juu yake. Karatasi ya Xuan, ile ya kuandikia kwa brashi inayotoka jimbo la Anhui huko China, hunywa wino papo hapo, na mstari uliorudiwa hujulikana. Kwa hiyo unachokiona ni safari ya mkono mara moja tu, kama nyayo kwenye tope.

Halafu linganisha. Tafuta kwenye intaneti dibaji ya Lanting, utangulizi wa mkusanyiko wa mashairi, aliyoiandika bingwa wa brashi Wang Xizhi mwaka 353. Ya asili ilipotea, tunazo nakala zilizofanywa na mikono mingine. Itazame herufi 之. Imo kama mara 20, na kila mara ina umbo lake. Mimi nilifundishwa A zote zifanane. Jioni ile nilikaa nikizihesabu hadi chai ikapoa.

Kwenye michoro, usiruke sehemu tupu. Kamba wa mchoraji Qi Baishi wanaogelea, na hakuna tone la maji lililochorwa. Karatasi tupu ndiyo maji.

Gombo refu nalo halitazamwi lote kwa pamoja. Hulazwa mezani, mkono wa kushoto ukifungua, wa kulia ukikunja. Gombo la mchoraji wa kale Zhang Zeduan la mji wa mtoni linapita mita 5. Kwenye simu, kuza picha hadi nyuso za watu zionekane, kisha sogea polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Utakutana na wanyama wa mizigo, mashua, na daraja lililojaa wachuuzi, huku chini yake mashua moja ikikaribia kugonga na watu wakipiga kelele. Nilipofika hapo nililiona soko letu la Gikomba, Nairobi.

Mihuri myekundu? Mmoja huwa wa msanii, mingine ya waliomiliki kazi hiyo baadaye. Mfalme Qianlong wa China alipiga yake kwa wingi, na kwa maoni yangu alizidisha.

Sasa chukua brashi, ichovye kwenye maji matupu, uandike kwenye saruji ya uani. Wazee wa China hufanya hivyo kwenye bustani za umma. Anza na 一, yaani moja: kanyaga, vuta, simama, inua. Jua la saa saba litaifuta kabla hujamaliza safu. Andika nyingine.