Kuliamsha Gari la Zamani Lililolala Miaka Mingi

Tajiri wangu alipata mali yake kwenye biashara ya fedha, na mpaka leo hununua gari kwa utaratibu uleule aliotumia kununua hisa: makaratasi kwanza, chuma baadaye. Mimi ndiye fundi anayemtunzia magari hayo. Mengi huletwa karakana yakiwa yamelala miaka na miaka, vumbi juu, petroli imechacha kwenye tanki, na kila anayesimama karibu anataka kusikia injini ikinguruma siku hiyohiyo. Simruhusu mtu kugusa swichi. Kama umenunua au umerithi gari la namna hii, nakuomba ufuate utaratibu wetu, maana uharibifu mkubwa hufanyika saa ile ya kwanza, na wanaoufanya ni watu wanaolipenda gari kwa dhati.

Anza na namba. Tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, si ile ya kwenye kibati peke yake, kisha namba ya injini, uzilinganishe na hati za umiliki. Pitisha kidole juu ya tarakimu. Ukikuta chuma kimebonyea kidogo pale zilipo, au alama za grenda pembeni, huenda kuna namba nyingine ilifutwa hapo. Tazama pia ribiti zinazoshika kibati: ribiti mpya kwenye kibati cha zamani ni swali linalodai jibu kabla hujalipa.

Kwa magari ya kifahari ya kabla ya Vita Kuu ya Pili kazi inaongezeka. Wakati ule kiwanda mara nyingi kiliuza chesisi na injini tu, na mnunuzi akaipeleka kwa wajenzi wa bodi. Talbot-Lago na Delahaye, magari ya Kifaransa, nyingi zinazosifiwa leo zilivishwa bodi na Figoni et Falaschi wa Ufaransa. Kwa hiyo gari moja lina waliolitengeneza wawili, na huyo wa pili naye huenda aliacha namba zake, pengine kwenye mbao za ndani au nyuma ya paneli. Zitafute kwa tochi kabla hujavua chochote. Zipige picha zote. Risiti za gereji, picha za wenye gari wa zamani, kitabu cha matengenezo, hata barua, viweke pamoja mahali pakavu na uviondolee pini za chuma, kwa sababu pini hushika kutu na kutu hula karatasi.

Hapo ndipo unafika kwenye uamuzi unaoninyima usingizi kuliko injini yoyote: ulirudishe gari kwenye upya wake, au uliache lilivyo?

Wapenzi wa magari haya wanamkumbuka Peter Mullin, Mmarekani aliyefanikiwa kwenye bima na huduma za fedha, akafungua makumbusho ya magari mjini Oxnard, California, mwaka 2010. Alifariki mwaka 2023, na makumbusho yakafunga milango mwaka uliofuata. Alikuwa mmoja wa wenye Bugatti Type 57SC Atlantic ya mwaka 1936, aina iliyotengenezwa manne tu, na ile ya kwake imerudishwa mpaka inang'aa kama ilitoka kiwandani jana. Lakini ndani ya makumbusho hayohayo palikuwa na Bugatti nyingine, Brescia ya mwaka 1925, ambayo ukiiona mara ya kwanza unadhani ni mabaki ya jahazi. Inasimuliwa kwamba maofisa wa forodha waliitosa katika Ziwa Maggiore, karibu na Ascona nchini Uswisi, miaka ya 1930, kwa sababu ushuru wake haukulipwa. Ilikaa chini ya maji, kwenye kina cha zaidi ya mita 50, mpaka wapiga mbizi wa pale walipoitoa Julai 2009. Hawakuitoa kwa faida yao. Fedha walikusudia ziende kwenye mfuko wa kumbukumbu ya kijana aliyeuawa kwa kipigo, unaopambana na ukatili miongoni mwa vijana. Januari 2010 ikapigwa mnada mjini Paris kwa zaidi kidogo ya euro 260,000, Mullin akaichukua, na akaionyesha vilevile ilivyotoka majini.

Fikiria angeijenga upya. Angebaki na Brescia safi, na Brescia safi zipo. Ziwa lingefutika, na kile kisa cha wapiga mbizi wa Ascona kingebaki hewani bila chuma cha kukishika. Kwangu mimi huyo ndiye mkusanyaji anayejua anachomiliki.

Kwa hiyo kanuni yetu karakana ni hii: rangi ya kiwandani ikiwa bado imeshika, hata kama imefifia na kupasuka, haipigwi msasa. Tunaosha kwa maji safi na kitambaa laini, tukijaribu kwanza mahali pasipoonekana, na tunaishia hapo. Ngozi ya viti ikiwa imechanika, tunashona pale ilipochanika. Kila kitu kinachovuliwa, hata skrubu iliyovunjika, kinaingia kwenye mfuko wenye lebo na kinabaki na gari. Bodi iliyooza kiasi cha kuhatarisha watu, au iliyokwisha kupakwa rangi mara tatu na mafundi wasiojali, hiyo irudishe upya bila majuto.

Kuijua hali ya bodi si kazi ngumu. Funga sumaku ndogo kwenye kitambaa na uipitishe taratibu: ikilegea mahali, chini ya rangi kuna puti nene, yaani ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi. Bodi ya alumini haishiki sumaku kabisa, kwa hiyo jua kwanza ni ya nini. Magari mengi ya zamani yana fremu ya mbao ndani ya bodi. Fungua mlango, ushike mwisho wake na uuinue; ukiona nguzo yenyewe inacheza na si bawaba peke yake, mbao zimeoza.

Sasa injini. Betri itolewe. Fanya kazi mahali penye hewa, kizima moto kikiwa karibu. Nusa tanki: petroli iliyochacha ina harufu kali ya vanishi. Imwage yote, umulike ndani kwa tochi isiyotoa cheche. Petroli ya siku hizi mara nyingi ina ethanoli, na ethanoli hunyonya maji na kuharibu mipira ya zamani, kwa hiyo badilisha mabomba yote ya mpira ya mafuta hata yale yanayoonekana mazima.

Vua plagi, kila waya uuwekee alama ya silinda yake. Mimina oili nyepesi kidogo kwenye kila silinda, kisha nenda zako. Wiki moja si nyingi. Wakati unasubiri, mwaga oili ya zamani uitazame kwenye mwanga. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na safari ya kuwasha inaishia hapo mpaka ujue yamepitia wapi. Vua kifuniko cha valvu pia, udondoshee oili kwenye kila springi.

Siku ya kuzungusha, tumia mkono na spana ndefu kwenye nati ya mbele ya krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, gia ikiwa huru. Hapa ndipo ufundi ulipo. Injini isiyo na hitilafu hukataa kwa ulaini: unasukuma, inasogea kwa uzito uleule, unasikia oili ikinyonywa ndani. Valvu iliyoganda ni tofauti. Spana inakwenda vizuri, halafu inagonga kitu kigumu ghafla. Ukisikia hivyo, simama papo hapo. Rudisha nyuma robo mzunguko, ongeza oili kwenye mguu wa valvu, subiri mpaka kesho. Anayelazimisha hupinda fimbo ya valvu, na kwa magari haya fimbo hiyo haiuzwi dukani, inachongwa. Zungusha krenki mizunguko miwili kamili, maana kwa injini ya mipigo minne ndiyo inayohakikisha kila valvu imefunguka na kufunga.

Ikizunguka bila kikwazo, weka oili mpya inayofaa injini ya enzi hiyo. Nyingi zinahitaji oili yenye zinki ya kutosha kulinda kamshafti, mhimili unaofungua valvu, na oili nyingi za magari mapya zina zinki kidogo. Jaza rejeta, rudisha betri, zungusha kwa stata plagi zikiwa bado nje mpaka geji ya oili ipande. Ndipo urudishe plagi na kuiwasha kwa petroli safi kutoka kwenye chombo cha pembeni kilichofungwa vizuri, si kutoka tanki lile. Jicho lisitoke kwenye geji ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde chache, zima.

Injini kuwaka hakukupi ruhusa ya kutoka barabarani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yabadilishe yote, na mabomba ya mpira pia, kwa sababu huvimba kwa ndani na breki ikishika haiachii. Matairi usiyahukumu kwa meno. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000 na halifai kubeba mtu, ingawa kama ni la asili tunalihifadhi kwa maonyesho.

Kutunza baada ya hapo ni suala la hewa na mwendo. Unyevu wa karibu asilimia 50 unafaa: ukizidi chuma kinashika kutu, ukipungua sana mbao na ngozi zinapasuka. Funika kwa kitambaa kinachopumua, kamwe si nailoni. Na usiwashe gari dakika tano ukalizima. Maji yanayotokana na mwako hubaki kwenye oili na bomba la moshi, yakaanza kula. Liendeshe nusu saa mpaka oili ipate moto, au liache limelala.

Tajiri wangu huyaazima magari kwenye shughuli za kuchangia hospitali na shule, na mimi huyasindikiza. Kabla ya kuazima, pata bima ya thamani mliyokubaliana kwa maandishi, kwa kuwa bima ya kawaida hulihesabu gari lako kuwa kuukuu. Kwenye trela lifunge kwa magurudumu au ekseli, si kwa bodi, na usimame baada ya kilomita chache kukaza mikanda tena. Linaporudi, andika daftarini kilomita lilizokwenda, oili uliyoongeza, na sauti yoyote mpya uliyoisikia, kabla hujalifunika.