Kabla hujajaza fomu ya udaktari

Nimekaa upande wa wasaili miaka kadhaa. Alama za juu za biolojia na kemia zinakufikisha mlangoni tu; kila anayeingia anazo.

Anza kwa kujitolea. Siyo siku mbili za kupiga picha wodini: chagua mahali pamoja, nenda kila wiki, mwaka mzima ukiweza. Kila ukirudi, andika daftarini jambo moja lililokusumbua. Binti mmoja alitusimulia alivyomlisha mzee aliyepooza mkono, wiki tatu, ndipo akagundua kwamba mzee angejilisha kwa mkono wa pili. Hakuna aliyemuuliza. Tuliweka kalamu chini sote. (Kama alikuwa na vyeti, sikumbuki.)

Kwenye barua ya maombi, futa "tangu utotoni natamani kusaidia watu". Wauguzi nao husaidia. Kwa nini udaktari?

Usaili wa vituo vifupi, ule wa kuhama kituo hadi kituo, kila kimoja na swali na msaili wake, ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ufanyie mazoezi ukitazama saa: dakika mbili kusoma swali, nane kujibu. Usichojua, sema hujui. Ukiharibu kituo kimoja, kiache hapohapo. Msaili anayefuata hakukusikia.