Somo: Kuitoa maktaba ya C ndani ya programu mama ili isimame yenyewe

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Nina maktaba ndogo ya C (fungu la msimbo ambalo programu nyingine huliita) inayosoma mizani za kielektroniki. Ilizaliwa ndani ya programu kubwa ya ghala la mkonge: inapokea uzito wa kila robota na kuuingiza kwenye hesabu. Baadaye kituo kimoja cha kukusanyia maziwa upande wa Muheza kikahitaji kitu hichohicho kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Nikaona ni kazi ya jioni moja, nikanakili folda na kwenda kufunga. Asubuhi ya pili waya wa mzani ulichomoka kidogo tu, programu ikaganda. Wafugaji walikuwa wamepanga foleni na madumu yao, jua linapanda, na karani akarudi kwenye daftari. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye mistari hii miwili:

    char c;
    while ((c = fgetc(f)) != EOF)

Itazameni kwa makini. `fgetc` inarudisha `int`, nami nikaibana kwenye `char`. Kwenye laptopu yangu yenye prosesa ya x86, `char` inabeba namba hasi, kwa hiyo EOF (alama ya mwisho wa data), ambayo kwa kawaida ni -1, inatambulika. Kwenye Linux ya ARM, aina ya prosesa iliyo kwenye Raspberry Pi, `char` haibebi hasi: ile -1 inageuka 255, haiwi sawa na EOF kamwe, na kitanzi kinazunguka milele. Tena hata kule kwenye laptopu haikuwa salama, maana baiti halali yenye thamani 255 ingesomwa kama mwisho wa data. Miaka yote ile ghalani tulikuwa tumebahatika tu.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni moja: maktaba isijichukulie kitu chochote. Kila inachohitaji ipewe na anayeiita, kupitia heda yake (faili la `.h` linalotangaza fanksheni zake).

Hatua ya 1: Jua imeshikamana na nini

Usianze kukata kwa kukisia. Kompaili maktaba peke yake kisha uliza:

    nm -u libmizani.a

Utapata majina ambayo kila faili la maktaba linayatumia lakini halina; yaliyomo kwenye faili jingine la maktaba hiyohiyo yaruke. Mimi huyaandika kwenye karatasi kwa safu tatu. Ya kwanza ni yasiyo na shida, kama `memcpy` na `strlen`. Ya pili ni yanayogusa mashine: `fopen`, `malloc`, `printf`, `time`. Ya tatu ni ya programu mama: kwangu yalikuwa `logi_andika`, `usanidi_pata` na kigeu cha jumla `g_ghala`. Safu ya tatu lazima iishe kabisa. Ya pili ipungue kadiri inavyowezekana.

Hatua ya 2: Ihamishe pamoja na historia yake

    git subtree split --prefix=src/mizani -b mizani-pekee

Amri hii inatengeneza tawi lenye folda ile tu na mabadiliko yake yote ya nyuma. Usinakili mafaili mikono mitupu. Siku utakapouliza kwa nini kuna kusubiri milisekunde 40 mahali fulani, jibu litakuwa kwenye historia.

Hatua ya 3: Kata mizizi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nawaomba msiiharakishe.

Anza na vigeu vya jumla. Vyote vilivyokuwa vinaelea nimevitia kwenye strakti moja (fungu la vigeu), naiita mkoba, na kila fanksheni inapokea kwanza pointa (anwani) ya mkoba huo. Faida inaonekana papo hapo: kituo cha maziwa kina mizani miwili, kila mmoja una mkoba wake, na hakuna kugongana.

Kisha kusoma data. Maktaba ya kufasiri uzito haina sababu ya kufungua bandari ya mzani. Nimeondoa `fopen` na `fgetc` zote, mahali pake pana fanksheni moja:

    int mzn_lisha(mzn_mkoba *m, const uint8_t *data, size_t idadi);

Anayeiita asome baiti kutoka popote: waya, faili, mtandao, au safu aliyoiandika mwenyewe kwenye jaribio. Maktaba inalishwa, inatafuna, inatoa uzito. Mabadiliko haya peke yake yameifanya maktaba kuwa huru kuliko mengine yote niliyofanya. Lile kosa la EOF halikuhitaji hata kurekebishwa, lilikosa pa kukaa.

Kumbukumbu ya kompyuta, ile inayoombwa kwa `malloc`, nayo ni vivyo hivyo. Kama huwezi kuepuka kuiomba, mruhusu mwenye programu akupe fanksheni zake za kuomba na kuachia. zlib, maktaba ya kubana data, inafanya hivyo kwa `zalloc` na `zfree` ndani ya `z_stream`, pamoja na pointa ya `opaque` ambayo mwenye programu anaijaza atakavyo. Lua, lugha ndogo ya kupachika ndani ya programu, nayo inapokea kigawa kumbukumbu kwenye `lua_newstate`. Isomeni misimbo ya hizo mbili, ni darasa tosha. Mimi nimeweza kuacha kuomba kabisa: mwenye programu anatenga mkoba mwenyewe, maktaba inaujaza.

Na tafadhali, maktaba isiite `exit()`. Irudishe namba ya kosa. Aliye juu ndiye anayejua kama afunge programu au ajaribu tena.

Hatua ya 4: Namba na baiti

`long` ina baiti 8 kwenye Linux ya biti 64, lakini baiti 4 kwenye Windows ya biti 64. Tumia `stdint.h`, iliyokuja na C99: `uint8_t`, `int32_t` na wenzao.

Usimwage baiti za mzani moja kwa moja kwenye strakti. Strakti yenye `uint8_t` ikifuatiwa na `uint32_t` kwa kawaida huchukua baiti 8, si 5, kwa sababu kompaila huacha nafasi tupu katikati. Wala usigeuze pointa ya baiti kuwa pointa ya `uint32_t`: kwenye Cortex-M0, prosesa ndogo ya ARM, kusoma baiti 4 kutoka anwani isiyogawanyika kwa 4 kunaangusha programu. Jenga namba kwa mkono:

    uint32_t g = (uint32_t)p[0]
               | (uint32_t)p[1] << 8
               | (uint32_t)p[2] << 16
               | (uint32_t)p[3] << 24;

Haijali mashine inapanga baiti kuanzia kubwa au ndogo. Zile `(uint32_t)` si pambo: bila ya mwisho, baiti ya 128 au zaidi ikisukumwa biti 24 inafurika `int` ya biti 32, na lugha haikuahidi lolote hapo.

Hatua ya 5: Majina

C haina ukoo wa majina (namespace), kwa hiyo majina ya maktaba mbili yanaweza kugongana. Kila kilicho hadharani kianze na `mzn_`, kilichobaki kiwe `static`, yaani kisionekane nje ya faili lake. Zungushia heda `extern "C"` chini ya `#ifdef __cplusplus` kwa ajili ya watu wa C++. Na angalia herufi kubwa na ndogo kwenye `#include`: Windows inasamehe, Linux haisamehi.

Hatua ya 6: Ijaribu mahali pagumu

Kompaili kwa kompaila mbili, GCC na Clang, ukitumia `-std=c99 -Wall -Wextra -pedantic`. Ongeza `-m32`, ijengwe kwa biti 32. Endesha majaribio na `-fsanitize=address,undefined`, inayonasa makosa ya kumbukumbu na yale ambayo lugha haikuahidi lolote. Halafu rudia yote mara mbili, mara moja na `-fsigned-char`, mara nyingine na `-funsigned-char`. Ningalijua bendera hizi mbili mapema, ningeliona kosa la Muheza nikiwa nimekaa kwangu Chumbageni. Kwa mpangilio wa baiti, QEMU, programu inayoiga mashine nyingine, inaweza kuendesha programu ya s390x, prosesa inayoanza na baiti kubwa, juu ya laptopu ya kawaida.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Makorora:* Kaka, shukrani. Logi (maandishi ya matukio ya programu) je? Nikiiondoa, nitajuaje kilichoharibika ndani?

Usiiondoe, ipokee. Weka kwenye mkoba pointa ya fanksheni ya logi na pointa ya mwenye programu, kama ile `opaque`. Ikiwa ile ya logi ni NULL, yaani haikuwekwa, maktaba inanyamaza. Ghalani inaandika kwenye faili, kwenye kituo cha maziwa inawasha taa nyekundu. Msimbo wa maktaba ni uleule.

*Mdau wa Pongwe:* Mzani wangu unatuma maandishi, mfano "12.350". Natumia `strtod`. Kuna ubaya?

Upo, dada. `strtod` inafuata lugha iliyowekwa kwa `setlocale`. Programu mama ikiweka Kijerumani au Kifaransa, alama ya desimali inakuwa mkato, na "12.350" inasomwa 12 tu. Mfugaji anapoteza gramu 350 na hakuna kosa linaloonekana. Soma tarakimu mwenyewe, moja moja, utunze gramu kama namba nzima: 12350.

*Mdau wa Duga:* Shikamoo mwalimu. Nimeitoa maktaba, lakini programu mama bado ina nakala ya zamani. Niziache zote?

Marahaba, mdogo wangu. Hapana. Ifute ile ya zamani wiki hiyohiyo, na programu mama iwe mteja kama wengine: ichukue toleo lenye namba, iite kupitia heda ileile. Nilichelewa miezi miwili kufanya hivyo, nikajikuta nimerekebisha kosa moja kwenye nakala mbili kwa njia mbili tofauti. Programu mama ikikataa kukompaili baada ya kufuta, furahi: imekuonyesha uzi uliousahau kwenye ile safu ya tatu.

*Mdau wa Mabawa:* Msimbo niliuandika nikiwa kazini. Naruhusiwa kuutoa hadharani?

Soma mkataba wako kwanza, kisha omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuusukuma popote. Mimi niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikataja mafaili yote kwa majina, wakasaini. Nakala ya barua naitunza, na leseni iko kwenye folda ya juu kabisa ya maktaba.