Somo: Kukarabati mnara wa taa wa kisiwani bila kuuharibu

Wenzangu wa Entebbe na Kalangala, kwenye Ziwa Victoria huko Uganda, mfano wetu ni wa baharini: Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar. Mnara wake una ngazi 131.

1. Historia kwanza, nyundo baadaye. Mnara wa Chumbe ulijengwa mwaka 1904, ukawekewa taa ya gesi mwaka 1926. Basi ulizia taa yenu iliwashwa kwa kitu gani: mafuta, gesi au umeme? Jibu hilo litawaambia vile vyuma vya ajabu vilivyobaki juu ni vya kazi gani. Zama za gesi zina jina la Gustaf Dalén wa Sweden, aliyepewa Nobeli ya Fizikia mwaka 1912. Vali yake ya jua, yaani kifaa cha kufungua na kufunga gesi ya taa, ina fimbo nne, tatu zinang'aa na moja nyeusi. Kukikucha ile nyeusi hunyonya mwanga, ikapata joto, ikarefuka kidogo tu na kufunga gesi. Usiku hunywea, gesi ikafunguka. Kifaa cha namna hiyo kisiishie kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

2. Piga picha kila upande. Penye ufa, tia alama ya penseli mwishoni mwake na tarehe, mvua zikiisha mpime tena.

3. Plasta. Hapa ndipo mafundi wengi huua majengo. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa. Ukiupaka saruji, unyevu unafungiwa ndani, plasta inavimba na kubanduka na uso wa jiwe. Ukigonga ukasikia sauti ya mtungi mtupu, pale pameshaachana. Bandua kwa mkono, kisha rudishia chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, tabaka nyembamba, ukifunika magunia mabichi ili isikauke haraka. Rangi nayo iwe ya chokaa.

4. Msisahau makazi ya mtunza taa. Chumbe, gofu la nyumba yake limegeuzwa kituo cha wageni, na msikiti wake mdogo umehifadhiwa. Kwangu mimi, mnara bila hayo ni nguzo tu.

MASWALI

Mwalimu, ziwa letu halina chumvi. Saruji itadhuru kweli?
Itadhuru, ndugu yangu. Chumvi huongeza madhara, lakini mvua ya visiwa vyenu vya Ssese peke yake inatosha kuulowesha ukuta.

Chokaa tutapata wapi huku?
Muhokya, kule Kasese, wanachoma chokaa tangu zamani. Nunueni ya ujenzi, si ile ya shambani.

Shikamoo mwalimu. Tukikuta lenzi kubwa ya vioo, tuisafishe na nini?
Marahaba binti. Brashi laini tu, sabuni ya unga hapana. Ila angalia kwanza sakafuni: baadhi ya lenzi za kuzunguka huelea juu ya zebaki, metali ya majimaji yenye sumu. Ukiona vitone vinavyong'aa kama fedha, usiguse, usifagie. Tokeni wote, mfunge mlango, mwite wataalamu.

Ruhusa tuombe kwa nani?
Idara ya makumbusho, wizara ya utalii. Taa ikiwa bado inaongoza vyombo, waulizeni pia wizara ya ujenzi na uchukuzi kabla hamjapanda ngazi.