Kuitembelea Mbala, Zambia: anza mjini, malizia Kalambo

Nenda Mei au Juni. Maji ya maporomoko ya Kalambo bado ni mengi na barabara ya udongo imeshakauka. Kati ya Februari na Aprili gari la chini hukwama kwenye tope, na Oktoba maji yamebaki kidogo. Beba sweta: Mbala iko juu, zaidi ya mita 1,600, na usiku wa Juni una baridi kali.

Kutoka Sumbawanga, pita Matai hadi mpakani Kasesya, gonga mhuri pande zote mbili, uingie Zombe upande wa Zambia. Shika pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hapo rudisha saa nyuma kwa saa moja, na wakati wa kurudi usisahau kuipeleka mbele, la sivyo utafika upande wa Tanzania umechelewa.

Siku ya kwanza iwe ya mjini. Makumbusho ya Moto Moto yana mbusa, vinyago vya udongo vya kufundishia mwali katika unyago wa Kibemba. Vitazame polepole, kila kimoja kina somo lake. Kisha nenda penye kumbukumbu ya Novemba 25, 1918. Mji ukiitwa Abercorn, hapa ndipo von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alipoweka silaha chini, wiki mbili baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwisha Ulaya. Aliongozana na askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi wengi, watu waliotembea miaka minne. Wao ndio wanaostahili kukumbukwa kwanza.

Wenyeji ni Wamambwe wa Chifu Nsokolo na Walungu wa Chifu Tafuna. Walungu hao hao wako Rukwa. Mpaka ulichorwa katikati yao. Salimia "Mwapoleni" kabla ya kuuliza njia au kupiga picha.

Siku ya pili ondoka alfajiri kwenda Kalambo, kilomita thelathini na kitu. Maji huanguka mita 221 kwa mruko mmoja. Usikaribie ukingo: jiwe lenye ukungu wa maji huteleza kama sabuni. Usivuke mto pale, kwani ndio mpaka na hakuna uhamiaji.

Juu ya maporomoko, mwaka 2019, watafiti walifukua magogo mawili yaliyopandishwa moja juu ya jingine, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae imara. Yana miaka isiyopungua 476,000. Hayakuoza kwa sababu yalizama kwenye udongo wenye maji. Ukiona jiwe lililochongwa kando ya mto, liache lilipo. Likihamishwa, tabaka lililokuwa linaeleza umri wake limepotea.