Dogo hapendi kusoma? Mpe historia yenye kinyaa

Kama una dogo wa miaka nane mpaka kumi na mbili ambaye akiona kitabu tu tumbo linaanza kumuuma, achana kwanza na hadithi za mtoto mtiifu. Tafuta vitabu vya Horrible Histories vya Terry Deary, katuni kachora Martin Brown, vilianza kutoka Uingereza 1993. Ni historia ya kweli ila na yale mambo ambayo ticha huwa anayaruka.

Sasa usimkabidhi ukamwambia soma, hapo umeshaharibu. Kaa nacho sebuleni ucheke peke yako, atakuja mwenyewe. Msomee kipande, labda Wamisri wa kale walivyokuwa wanavuta ubongo wa maiti kupitia puani kwa ndoano, au Warumi walivyofulia nguo kwa mkojo mpaka kaizari Vespasian akaona hapa kuna hela akauwekea kodi, halafu pale panaponoga funga kitabu nenda kaangalie maharage. Mi wangu nilimwacha kwa Henry VIII, yule mfalme wa Uingereza mwenye wake wengi, mke wa pili Anne Boleyn ndo anapelekwa kukatwa kichwa 1536, narudi namkuta keshafika mke wa tano na huyo naye kichwa hana.

Aanzie ukurasa wowote, akiruka aruke. Na usimuulize maswali kama ya mtihani, mwache akuulize yeye, wanapenda sana kugundua mzazi hajui kitu.

Kiingereza chake kina utani mwingi wa kuchezea maneno, kama Kiingereza bado kinamsumbua msimulie kwa Kiswahili na uigize, utani usiotafsirika uache tu. Za mateso zipitie kwanza wewe, kuna watoto hawalali.

Vikiisha tengenezeni cha kwenu, daftari la kurasa 48 linatosha. Anzeni na vita ya Zanzibar 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash kajitangaza sultani, Waingereza wamempa mpaka saa tatu asubuhi, kagoma, mizinga ikalia, hata saa moja haijaisha yeye keshakimbilia kwa konsuli wa Wajerumani. Au yule twiga wa Malindi aliyefikishwa China 1415, mfalme akaambiwa ni mnyama wa baraka wa kwenye hadithi zao. Wewe andika, yeye achore. Wangu kamchora twiga anatapika baharini, anasema kwa shingo ile matapishi yalichukua siku mbili kufika mdomoni.