Namna ya kuitoa tezi ya gundi ya nondo wa hariri, kutoka mezani kwangu Wete, Pemba

Kila anayekuja kwangu kujifunza kupima jeni ya gundi ya mayai ya nondo anataka kuanza na mashine. Mashine ya PCR, ile inayozidisha nakala za DNA mzunguko kwa mzunguko, mimi sina. Ziko maabara za Unguja. Nilicho nacho Wete ni meza, hadubini kuukuu ya skuli, mikasi miwili midogo, vibanio viwili vyenye ncha kali, na miforosadi mitatu nyuma ya nyumba ambayo watoto wa jirani wanazijua forosadi zake kuliko mimi. Hapa mezani ndipo kazi inapoharibika au inapofaulu, kwa hiyo hapa ndipo nitakapokaa sana.

Kwanza ujue unatafuta nini. Nondo jike wa hariri, Bombyx mori, hutaga mayai kiasi cha 300 hadi 500 juu ya karatasi, na ukiigeuza karatasi chini juu halianguki hata moja. Yanashikwa na gundi inayotoka katika jozi ya tezi zilizo mwishoni mwa tumbo, zinazomimina kwenye njia ya mayai, kila yai likapakwa linapopita. Gundi hiyo ni protini. Ili protini itengenezwe, seli huinakili jeni kwa RNA, kisha nakala hiyo ndiyo inayofuatwa. Tukisema tunapima jeni inavyofanya kazi, tunazihesabu nakala hizo.

Sasa mtu wa Wete nitamwelewesha kwa halua. Sinia la halua lililopoa halikwambii kama jikoni moto bado unawaka. Tezi hii nayo ina jiko na ina sinia: kuna sehemu ya vijitawi, ambamo seli hupika gundi, na kuna mfuko ambamo gundi huwekwa ikisubiri mayai. Mara ya kwanza nilichukua nondo waliokwisha pevuka na kupandana, nikaona mifuko imenona, nikafurahi, nikaikata mifuko tu. Majibu yaliyorudi yalinitia haya: RNA kidogo, tena iliyokatikakatika, na gundi imeziba ncha za pipeti za watu. Nilikuwa nimepeleka sinia, jiko nimeliacha tumboni mwa nondo.

Kwa hiyo usianze na nondo, anza na pupa. Viwavi wanapomaliza kujisokota, wape siku nne au tano, halafu kipasue kifuko cha hariri kwa wembe upande mmoja na umtoe pupa bila kumbana. Mgeuze tumbo juu. Jike ana alama kama X karibu na ncha ya tumbo, katika pingili ya nane. Dume ana kitone tu katika pingili ya tisa. Jike pia ni mnene na mzito. Madume warudishe kwenye sinia lao, utawahitaji kupandisha kizazi kijacho.

Vitabu vitakwambia uhesabu siku. Usihesabu siku peke yake. Joto la kaskazi linamkimbiza pupa, na chumba changu Februari si chumba cha nyuzi 25 kilichoandikwa kitabuni. Mimi natazama macho. Macho meupe ni pupa mchanga. Macho yakiwa meusi, kazi imesonga mbele. Mwili ukilegea na mbawa zikaonekana zimeiva chini ya ganda, atatoka karibu, na mara nyingi hutoka alfajiri. Chukua majike wa hatua tano: macho meupe, macho meusi, mwili uliolegea, nondo wa asubuhi ileile aliyotoka, na nondo aliyekwisha kutaga. Ukiwa na hatua zote tano utaona moto ulipowashwa, ulipopamba na ulipozimwa. Ukiwa na hatua moja una picha ya sinia.

Neno dogo kuhusu sisimizi: miguu ya meza iwe ndani ya makopo ya maji. Nilipoteza pupa wa wiki nzima usiku mmoja kwa kusahau kopo moja. Na mjusi wa ukutani, ukimwacha, atakula nondo wako kabla hujashika mkasi.

Siku ya kupasua, amka mapema, kabla jua halijachoma. Nunua barafu, uisage, utie kwenye boksi kama la wavuvi. Futa meza na vyombo kwa spiriti ya asilimia 70, vaa glavu, na ubadilishe kila ukigusa uso au simu. Hili si pozi la maabara. Jasho na ngozi yetu vimejaa vimeng'enya vinavyoitafuna RNA, na havionekani kwa macho.

Mlaze nondo kwenye barafu mpaka atulie kabisa. Kata mbawa kwanza, kisha umpapase kwa brashi yenye maji, maana ule unga wake ukiruka utakuingia puani na utaelea juu ya kila kitu. Nondo aliyetoka karibuni hutoa pia uchafu wa kahawia. Mwache autoe kabla hujamleta mezani, au ukimtumbua utapaka kisahani chote.

Kisahani changu kina nta chini. Mchome pini kifuani na nyingine kwenye ncha ya tumbo, mgongo juu, mimina maji ya chumvi yaliyopozwa mpaka afunikwe. Chumvi hiyo ni ile ya kawaida ya maabara, gramu 8 za chumvi ya mezani katika lita, pamoja na fosfeti na potasiamu kidogo, pH 7.4. Pasua ngozi ya mgongo kutoka mbele kwenda nyuma, mkasi ukiwa umeulaza, si kuusimamisha. Fungua kama unavyofungua ganda la ndizi.

Utakutana na mayai kwanza. Yamepangwa kama shanga katika mirija minane, minne kila upande. Usiyang'oe kwa haraka. Yafuate taratibu kuelekea nyuma mpaka mirija inapokutana katika njia moja. Hapo utaona vitu vitatu vinavyowachanganya watu. Kuna mfuko mkubwa wa kupokelea mbegu za dume, huo uache. Kuna kijifuko kidogo cha kutunzia mbegu, nacho kiache. Kilicho jozi, chenye mifuko miwili na vijitawi vilivyojikunja kwa mbele, ndicho chako. Shika mrija wa chini karibu na njia ya mayai, ukate hapo, unyanyue tezi nzima. Kisha, chini ya hadubini, tenganisha vijitawi na mfuko. Vijitawi viende kichupa kimoja, mfuko kichupa kingine, ukitaka kulinganisha.

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, hii si ndiyo tezi ya hariri?" Nikamwambia hapana, mwanangu. Tezi ya hariri ni ya kiwavi, dume na jike wote wanayo, na pupa akiiva inakuwa imekwisha kuvunjika. Hii ni ya jike peke yake. Swali lake halikuwa la kijinga, kwani uzi wa hariri nao una gundi yake, serisini, inayozishikanisha nyuzi. Kuna hata ukoo wa nondo hawa unaofugwa maabara, uitwao No glue, ambao sehemu ya kupikia gundi haikui vizuri. Mayai yao hayashiki karatasi, yanabingirika. Ukipata wa kulinganisha naye kama huyo una bahati. Mimi nalinganisha na mafuta ya tumbo ya jike yuleyule.

Kuhifadhi. Waliokuwa Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipokatika miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa kwa nini siliamini friza. Natumia maji mazito ya amonia salfeti, ujazo mara tano ya tezi. Yanaizuia RNA isiliwe wiki nzima katika nyuzi 25, mwezi katika friji ya kawaida. Hiyo inatosha kwa gari la alfajiri kwenda Mkoani na boti ya kuvuka Unguja. Weka tezi za majike kumi katika kichupa kimoja, kisha fanya vichupa vitatu vya majike tofauti kwa kila hatua. Jike mmoja aliyegawiwa mara tatu ni jike mmoja. Andika kwa penseli. Wino unafutika kwa spiriti.

Unguja wenyewe watakuongoza: kusaga, kutenga RNA kwa klorofomu, kusafisha kwa ethanoli, kupima kwa mwanga (uwiano wa mwanga unaonyonywa katika nanomita 260 kwa ule wa 280 ukaribie 2), kuigeuza RNA kuwa DNA, kisha PCR. Wewe simamia hesabu. Mashine hutoa namba ya mzunguko ambapo nakala zilionekana, na namba ndogo maana yake ni nakala nyingi. Tuseme jeni ya gundi imeonekana mzunguko wa 18 katika vijitawi, na aktini, jeni ya kulinganishia inayosomwa karibu kila seli, mzunguko wa 16. Tofauti ni 2. Katika mafuta ya tumbo, gundi 28 na aktini 17. Tofauti ni 11. Toa 2 katika 11, unabaki na 9. Kila mzunguko ni kuongezeka mara mbili, basi andika 2 mara tisa uzizidishe zote (2 × 2 × 2 na kuendelea), jeni inasomwa mara 512 zaidi kwenye vijitawi.

Kabla hujaifurahia hiyo 512, tazama kichupa ambacho RNA yake haikugeuzwa. Kinapaswa kuwa kimya. Kikitoa namba karibu na vingine, ulichokuwa unasoma ni DNA ya nondo iliyobaki, na hapo hakuna hesabu ya kukuokoa. Panda boti urudi Wete. Viwavi wengine watakuwa wameshaanza kujisokota.